Kusafisha Nyumba Zilizotwaliwa na Benki Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuanza na Kupanga Bei

Majibu haya yanawahusu wanaoishi Marekani, iwe Columbus, Louisville, Dallas au Portland ya Maine, na wanaofikiria kutoka kwenye ajira ya usafi kuingia kwenye kandarasi za nyumba ambazo benki imezitwaa baada ya mwenyewe kushindwa kulipa mkopo. Bei zilizomo kwenye mifano ni za kuonyesha hesabu inavyokwenda. Ukikaa kupanga bei yako, weka viwango vya kaunti yako.

Kazi yenyewe ni ipi hasa?

Mkopo usipolipwa, nyumba hupigwa mnada. Ikikosa mnunuzi, inabaki mikononi mwa benki, na benki haina shida na nyumba. Shida yake ni pesa. Inataka itolewe vitu, isafishwe, ikabidhiwe dalali iuzwe. Hapo ndipo unapoingia wewe.

Kazi hii ina sehemu mbili, na anayezichanganya kwenye bei ndiye anayepata hasara. Sehemu ya kwanza ni kutoa kila kilichoachwa: makochi, magodoro, nguo, makopo ya rangi gereji, matairi nyuma ya banda. Ya pili ni usafi wenyewe. Ya kwanza hulipwa kwa ujazo wa taka, ya pili hulipwa kwa nyumba au kwa saa. Wateja wengine huongezea kukata nyasi, kubadilisha vitasa na kuziba madirisha kwa mbao. Usikubali hayo kwa bei ileile ya usafi.

"Kusafisha" kunaishia wapi?

Uliza kabla ya kutaja bei, kwa sababu kuna viwango viwili. Nyumba zenye mkopo uliodhaminiwa na FHA (idara ya shirikisho inayodhamini mikopo ya nyumba) zinafuata masharti ya HUD, yaani wizara ya nyumba ya Marekani, ambayo yanataka nyumba iwe katika hali ya "kufagiwa": isiwe na vumbi na uchafu wa kuonekana, isiwe na vitu vya hatari, isiwe na mali ya mtu wala taka, ndani na nje. Hakuna aliyekuambia uing'arishe oveni.

Kiwango cha pili ni usafi wa kuuzia. Dalali anataka mnunuzi afungue mlango asikutane na harufu. Hapo unasafisha oveni ndani, friji kama imebaki, makabati na droo zote, vioo, feni za dari, vyoo, swichi za taa, na mazulia unayapitisha mashine. Nyumba ya vyumba vitatu inayofagiwa kwa saa 3 za mtu mmoja inaweza kula saa 10 au 12 kwa kiwango hiki. Mteja akikuandikia "safisha" tu, mrudishie ujumbe na orodha ya utakachofanya.

Nani atanilipa?

Wapo wa aina tatu. Kuna kampuni kubwa za kitaifa zinazosimamia nyumba kwa niaba ya benki, mfano Safeguard Properties yenye makao yake karibu na Cleveland, Ohio. Hizi zina kazi nyingi, lakini bei wanapanga wao, zinakata sehemu yao kwanza, na malipo huja baada ya siku 30 hadi 60. Mara nyingi utakuta kati yako na kampuni kubwa kuna mkandarasi mwingine, naye anakata. Pesa inayokufikia inaweza isifike hata nusu ya kile benki ilicholipa.

Wa pili ni madalali wa nyumba wanaouza mali za benki. Kazi ni chache zaidi, bei unapanga wewe, na ukifanya vizuri dalali mmoja anakupa nyumba mwaka mzima.

Wa tatu ni wanunuzi wa mnadani. Hawa hununua nyumba hata bila kuiona ndani, na kila siku inayopita wanalipa riba. Wanataka ufike kesho. Ndio wanaolipa haraka kuliko wote, na kwa mtu anayeanza bila akiba, hao ndio wa kuwatafuta kwanza. Texas minada hii hufanyika Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, na orodha zake ni za wazi kaunti.

Soko bado lipo? Tunasikia ilikuwa ni enzi za 2008.

Limepungua sana. Mwaka 2010 nyumba karibu milioni 2.9 zilipata ilani ya kutwaliwa au hatua nyingine ya namna hiyo. Mwaka 2024 zilikuwa kama laki 3 na elfu 20. Anayekuuzia kozi ya mtandaoni kwa dola 900 akikuahidi benki zitakumiminia nyumba anakuuzia habari za zamani. Biashara inasimama ukiichanganya na kazi za jamaa yake: nyumba za marehemu zinazosubiri kugawiwa, nyumba za kupanga zilizohamwa, gereji za wazee wanaohamia kwa watoto wao. Vifaa ni vilevile, hesabu ni ileile.

Nahitaji makaratasi gani?

La kwanza kabisa ni haki yako ya kufanya kazi. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi, mwenye kadi ya kijani au raia hana tatizo. Mwenye viza ya mwanafunzi asijidanganye kwamba biashara yake mwenyewe si kazi. Ni kazi, na inaweza kumharibia hadhi yake.

Kisha sajili kampuni ya LLC (ile inayotenganisha madeni yake na mali yako binafsi) kwenye jimbo lako. Namba ya kodi ya EIN inatolewa bure na IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, kwenye tovuti yao, dakika chache tu. Tovuti zinazotoza dola 200 kwa namba hiyo zinakulipisha kujaza fomu. Fungua akaunti ya benki ya kampuni siku hiyohiyo. Baadhi ya miji na kaunti zinataka leseni ya kusafirisha taka, kwa hiyo piga simu ofisi ya taka ya kaunti kabla ya kununua trela.

Bima ndiyo inayowaangusha wengi. Wateja wa maana watataka bima ya dhima (inayolipa ukiharibu mali au kumuumiza mtu) ya dola milioni 1 kwa tukio. Unapoinunua, mwambie wakala waziwazi kwamba unatoa taka na mali kwenye nyumba zilizoachwa. Ukisema "usafi" tu utapewa bima nafuu ya wasafisha ofisi, na siku kijana wako atakapoangusha friji kwenye ngazi za mbao, kampuni ya bima itakuambia kazi hiyo haimo kwenye mkataba. Vivyo hivyo kwa gari: bima ya gari binafsi inaweza kukataa dai la ajali iliyotokea ukivuta mzigo wa mteja. Ukiwa na wafanyakazi, majimbo karibu yote yanakutaka uwe na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini.

Kampuni kubwa zitataka pia ukaguzi wa rekodi ya uhalifu kwa kila mtu atakayeingia ndani ya nyumba, wewe na wasaidizi wako.

Vifaa vya kuanzia ni vipi?

Pikapu inatosha kuanza, lakini haitoshi kuishi nayo: sehemu yake ya nyuma ya mizigo ikijazwa usawa inabeba yadi za ujazo 2 hadi 2.5 tu (kipimo hiki tunakieleza hapa chini). Trela ya futi 6 kwa 12 yenye kuta za futi 4 inabeba yadi 10 na nusu. Ikodishe kwanza kwa siku. Usinunue hadi uwe na kazi mbili kwa wiki. Ongeza turubai na mikanda ya kufungia mzigo, maana mzigo usiofunikwa ni faini.

Vingine: kitoroli cha kubebea friji chenye mkanda, koleo bapa, mifuko ya taka ya galoni 42 yenye unene wa mil 3, yaani elfu tatu za inchi (ile ya jikoni itakupasukia kwenye ngazi), mashine ya kuvuta vumbi inayovuta na maji, tochi za kichwani, ngazi, vikwanguo vya wembe, ndoo, dekio, glavu zisizotobolewa kirahisi, barakoa za N95, na buti zenye bamba la chuma kwenye soli. Misumari iliyosimama ni kitu cha kila siku.

Usisahau jenereta ndogo ya wati 2,000 na madumu ya maji. Nyumba nyingi hizi umeme na maji vimekatwa. Beba galoni 15 hadi 20 kwa nyumba ya kawaida. Jenereta ikae nje, futi 20 au zaidi kutoka madirishani. Gereji, hata ikiwa mlango wazi, si nje. Ndani ya moshi wake mna gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu ya kukuonya, na inaua.

Yadi ya ujazo inapimwaje?

Yadi moja ya ujazo ni futi 3 kwa 3 kwa 3, yaani futi za ujazo 27. Zidisha urefu, upana na kimo kwa futi, gawa kwa 27. Kochi la watu watatu, futi 7 kwa 3 kwa 3, ni futi 63, sawa na yadi 2.3. Godoro la kwini lenye unene wa inchi 10 ni kama yadi 1. Friji ya kawaida ni yadi 1.4.

Lundo la nguo na vikorokoro ni gumu kidogo. Lisukume kwa macho liwe boksi: "hiki chumba cha futi 10 kwa 12 kimejaa hadi magotini." Magoti ni futi 1.5 hivi, kwa hiyo 10 × 12 × 1.5 ni 180, gawa kwa 27, unapata yadi 6.7.

Wanaoanza hukadiria chini, na wanakosea sehemu zilezile. Hawafungui makabati. Hawapandi darini. Hawazunguki nyuma ya banda. Wanaona kitanda bila kuangalia chini ya kitanda. Gereji inayoonekana ina yadi 5 huwa na 8. Piga picha kila chumba, andika makadirio chini ya picha, na siku ya kazi linganisha na idadi ya trela ulizojaza. Baada ya nyumba kumi hivi jicho litakuwa limeshajifunza.

Sharti moja kwenye kila kwotesheni, yaani karatasi ya bei unayompa mteja: "Bei hii ni kwa taka hadi yadi 20, ziada ni dola kadhaa kwa yadi, kwa idhini ya mteja kabla ya kutolewa."

Bei napangaje?

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu, futi za mraba 1,400, yenye yadi 20 za taka, usafi wa kuuzia. Trela yako inabeba yadi 10 na nusu, kwa hiyo ni safari mbili.

Watu wawili, saa 7 kutoa vitu na saa 5 kusafisha: jumla saa 24 za kazi. Unamlipa mtu dola 18, lakini hakugharimu dola 18. Kuna asilimia 7.65 ya mwajiri kwa Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya wazee za serikali), kuna bima ya kuumia kazini, kuna kodi ya ukosefu wa ajira ya jimbo. Weka dola 22. Saa 24 ni dola 528. Hata kama mmoja wa hao wawili ni wewe, jilipe. Biashara isiyoweza kukulipa mshahara haina faida, ina kibarua cha bure ambacho ni wewe.

Dampo: taka za nyumbani zilizochanganyika tuzikadirie ratili 250 kwa yadi, kwa hiyo yadi 20 ni ratili 5,000, tani 2.5 za Kimarekani. Kwa dola 60 kwa tani ni dola 150. Juu yake vile vinavyotozwa peke yake: friji yenye gesi 25, magodoro mawili 40, matairi manne 20. Hizo ni dola 85.

Mafuta 30, uchakavu wa gari na trela 40, mifuko, glavu na dawa 45.

Jumla mpaka hapa ni dola 878. Sasa gharama zisizoonekana: bima, simu, programu ya hesabu, matangazo, tuseme dola 600 kwa mwezi. Ukifanya nyumba nane kwa mwezi, kila nyumba inabeba 75. Tumefika 953.

Faida unayotaka ni asilimia 20 ya bei. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanazidisha 953 kwa 1.2 na kupata 1,144. Hiyo si asilimia 20 ya bei. Gawa 953 kwa 0.8, unapata 1,191. Tofauti ni dola 48 hivi kwa nyumba, na ukizidisha kwa nyumba nane ni karibu dola 380 kwa mwezi unazogawa bila kujua. Mtajie mteja 1,195.

Faida yako hapo ni kama dola 240. Sasa tuseme ulikadiria yadi 20 zikawa 24. Safari ya tatu: saa 2 za watu wawili ni 88, mafuta 12, kiwango cha chini cha dampo 30. Dola 130 zimeondoka, zaidi ya nusu ya faida yako, kwa ajili ya yadi nne zilizokuwa nyuma ya banda.

Mshindani wangu anatoza dola 600 nyumba hiyohiyo. Nishushe?

Usishushe. Kwa hesabu ya hapo juu, dola 600 hazilipi hata wafanyakazi na dampo. Ama hana bima, ama hawalipi watu wake ipasavyo, ama anatupa taka porini, ama ndiyo kazi yake ya kwanza na bado hajapiga hesabu. Unaloweza kufanya ni kupunguza kazi: "kwa dola 850 natoa taka na kufagia, usafi wa kuuzia haumo." Bei ishuke na kazi ishuke nayo.

Kuna aina moja ya nyumba ambayo bei nafuu ni sahihi. Benki nyingine humlipa mwenye nyumba kiasi fulani ili aondoke kwa amani na kuiacha safi. Nyumba ya namna hiyo huwa na mifuko michache na vumbi. Muulize dalali jinsi mwenye nyumba alivyoondoka.

Vitu vilivyoachwa ni vyangu?

Hapana, mpaka maandishi yaseme hivyo. Sheria za mali iliyoachwa zinatofautiana jimbo kwa jimbo, na benki nyingi zina kikomo cha thamani: vitu vikizidi kiasi fulani, vinahesabiwa kuwa mali ya mtu na haviguswi kabla ya ilani kwisha. Agizo la kazi liseme wazi kwamba vitu vimeruhusiwa kuondolewa. Neno la simu halitakusaidia mahakamani.

Hata ukiwa na ruhusa, kuna vitu vya kuweka kando na kuripoti: pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za jeshi, albamu za picha, majivu ya marehemu kwenye chombo chake, dawa za hospitali. Vipige picha, vitie boksi moja, mwandikie mteja. Bunduki usiiguse, toka nje, piga simu polisi, kisha mteja. Ukipata pesa taslimu, zipige picha zilipo na uripoti kabla hujazisogeza. Jina la uaminifu kwenye kazi hii ndilo linaloleta nyumba ya pili.

Vinavyofaa kuuzwa au kutolewa sadaka, kama meza nzuri, viuze tu pale mkataba unaporuhusu. Usitegemee mauzo hayo kujaza pengo la bei.

Nikifika nikakuta kuna mtu anaishi humo?

Rudi garini. Taka mbichi kwenye pipa, mita ya umeme inayosoma, gari uani, mbwa, pazia lililosogea: zote ni dalili. Piga picha ukiwa barabarani, ripoti, ondoka. Si kazi yako kumwambia mtu atoke. Anaweza kuwa mpangaji halali, na sheria ya shirikisho ya 2009 ya kuwalinda wapangaji, iliyofanywa ya kudumu 2018, inampa angalau siku 90 za ilani. Weka bei ya safari ya bure kwenye mkataba, dola 40 au 50.

Friji iliyofungwa miezi sita tunaifanyaje?

Usiifungue. Narudia, usiifungue "kuangalia tu". Umeme ulipokatwa kulikuwa na nyama ndani. Zungusha utepe mpana wenye gundi mara tatu juu, katikati na chini, ifunge mkanda kwenye kitoroli, na iende dampo ikiwa hivyohivyo. Isimame wima, ukiilaza, maji meusi yatapenya kwenye mpira wa mlango na kumwagika kwenye zulia, na harufu hiyo itaingia kwenye mbao chini ya zulia. Ukifika hapo unatoza zulia lote, au unalipa zulia lote.

Gesi yake lazima ikusanywe kabla friji haijatupwa, kwa masharti ya EPA (mamlaka ya mazingira ya shirikisho) ya kifungu cha 608. Dampo nyingi huwa na fundi na hutoza kwa kipande. Kuikata mwenyewe ili uuze shaba ni kosa la shirikisho.

Mteja akitaka friji ibaki, hiyo ni kazi tofauti yenye bei tofauti. Na mara nyingi, hata ukiisafisha siku nzima, povu la ndani ya kuta zake limeshanywa harufu. Mwambie mapema.

Dampo linakataa nini?

Rangi ya maji isiyokauka, mafuta ya gari, betri, mitungi ya gesi, dawa za wadudu, taa ndefu za zebaki, na mara nyingi televisheni za zamani zenye mgongo. Kaunti nyingi zina siku au kituo cha kupokea vitu hivi kutoka kwa wakazi bure, lakini wewe ni biashara, na utatozwa. Viorodheshe peke yake kwenye kwotesheni. Makopo ya rangi ya maji yakaushe kwa kumwagia mchanga wa kujisaidia paka, yaache wazi usiku mmoja au miwili, na sehemu nyingi yatapokewa kama taka za kawaida.

Usafi wenyewe ufuate utaratibu gani?

Taka zote kwanza, bila kuanza kudeki chumba kimoja huku kingine kimejaa. Kisha kutoka juu kwenda chini na kutoka nyuma kwenda mlangoni: dari na feni, kuta, madirisha, makabati, kaunta, mwisho sakafu. Dawa ya oveni ipakwe mapema ili ifanye kazi huku unaendelea na vingine.

Kabla ya kugusa choo, tafuta karatasi zilizobandikwa. Maeneo ya baridi nyumba huandaliwa kwa majira ya baridi: maji hufungwa, mabomba hupulizwa hewa yakakauka, na dawa ya kuzuia kuganda, aghalabu ya rangi ya waridi, humiminwa kwenye vyoo na mitego ya sinki (kona za bomba zinazoshika maji chini ya sinki). Ukiona maji ya waridi chooni, usivute. Usifungue maji ya nyumba hiyo hata kama mteja alisahau kukuambia. Bomba likiwa limepasuka ukutani, maji yataingia chini, na nyumba imefurika mikononi mwako. Safisha kwa maji ya madumu uliyokuja nayo, na maji machafu uyatoe nje.

Usichanganye jiki na amonia wala jiki na siki au dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka inachoma mapafu, na bafu la nyumba iliyofungwa halina pa kuitolea.

Kinyesi cha panya, kuvu na sindano?

Kinyesi cha panya usikifagie kikavu wala kukivuta kwa mashine. Vumbi lake linaweza kubeba virusi vya hanta. Fungua madirisha nusu saa, nyunyizia maji ya jiki (kikombe 1 na nusu kwa galoni moja ya maji), subiri dakika 5, futa kwa karatasi, tia mfukoni.

Kuvu kidogo bafuni futa. Kuvu iliyopanda ukuta wa chumba piga picha, ripoti, usiifute. Majimbo kadhaa, Texas na Florida yakiwemo, yanataka leseni kwa kazi ya kuondoa kuvu. Sindano ziokote kwa koleo ndogo na kuzitia kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko.

Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 huenda zina rangi yenye risasi. Kuosha ni sawa. Kung'oa ubao au kukwangua zaidi ya futi za mraba 6 ndani ya chumba kwa malipo kunahitaji cheti cha EPA. Vigae vya sakafu vya inchi 9 kwa 9 mara nyingi vina asibesto. Viache.

Kwa nini picha zinasisitizwa hivyo?

Kwa sababu anayekulipa hatafika kwenye nyumba. Anachokilipia ni picha. Piga kabla, wakati wa kazi na baada, ukisimama palepale: kona ya mlango ukitazama dirisha. Anza na namba ya nyumba. Piga ndani ya kila kabati, ndani ya oveni, ndani ya choo, trela ikiwa tupu, trela ikiwa imejaa ikionekana nyumba nyuma yake, na risiti ya dampo yenye tarehe. Nyumba ya kawaida ni picha 100 hadi 200.

Makato ya malipo mara nyingi hutokana na hapa: kazi ilifanyika, picha haipo. Na uharibifu uliokuwepo kabla yako, kama bomba lililoibwa au ukuta uliotobolewa, usipopigwa picha siku ya kwanza unakuwa wako.

Nawalipa wasaidizi kama wakandarasi wa 1099 (fomu ya kodi ya asiye mwajiriwa), si rahisi zaidi?

Ni rahisi hadi mmoja aumie. Ukimpangia saa, ukampa vifaa na kumwelekeza namna ya kufanya, huyo ni mwajiriwa machoni pa IRS na jimbo, hata kama ni binamu yako na amekubali. Mjazishe I-9 (fomu ya kuthibitisha haki yake ya kufanya kazi), mweke kwenye mishahara, mlipe saa za ziada baada ya saa 40 kwa wiki.

Nawekaje pesa ya kuvumilia malipo yanayochelewa?

Kabla ya kuchukua kazi ya kampuni ya kitaifa, uwe na akiba ya gharama za nyumba nane, maana hizo ndizo utakazofanya kabla ya hundi ya kwanza, hata ikija ndani ya siku 30. Kwa mfano wetu ni zaidi ya dola 7,600. Huna? Anza na wanunuzi wa mnadani: nusu kabla ya kuanza, nusu siku ya kukabidhi funguo.

Kwenye kila malipo tenga asilimia 25 hadi 30 ya faida kwa ajili ya kodi, kwenye akaunti ya peke yake. Kodi ya aliyejiajiri pekee ni asilimia 15.3, kabla ya kodi ya mapato, na IRS inataka makadirio mara nne: tarehe 15 ya Aprili, Juni, Septemba na Januari.